Breki za Berrondo

Leo asubuhi, Berrondo, gari la maiti lilikuja likilia.
Si king'ora. Breki.
Pedi zimekwisha, chuma kinasaga chuma,
na dereva, kijana wa watu, anatabasamu
kana kwamba ndivyo wafu wanavyoagwa.
Nikakutazama sandukuni.
Ungeamka, kama ingewezekana,
uulizie spana namba kumi na saba.

Hukuwahi kuwa na leseni.
Ulikuja karakana kwa baiskeli,
suruali umeibana kwa kibanio cha kuanikia nguo,
iwe mvua ya Pampa, iwe jua la Januari,
na magari yaliyotoka mikononi mwako
yalifika Bahía Blanca kabla birika halijapoa.

Walikucheka ulipoazima kwa Iturralde
feni ya kupepetea ngano, ukaifunga mlangoni,
ukabandika nyuzi za sufu mwili mzima wa gari
likawa kama kondoo aliyenyolewa na mlevi.
Injinia ameingiwa na wazimu, walisema pale baa.
Wewe ulilala kifudifudi sakafuni, tochi mdomoni,
ukitazama uzi upi umetulia, upi unatapatapa.
Ulipotapatapa, chaki.
Hesabu uliziandika kwenye karatasi za kufungia mikate;
hadi leo nikinusa mkate wa moto
naona namba.

Upepo hauonekani, ulisema, ila una tabia.
Sikukuelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne
na mguu mmoja tu, wa kulia.

Kisha ukaleta lile bomba.
Bomba la chuma, limepindwa kama mpini wa kikapu,
ukalichomelea juu ya kichwa changu.
Kilo kumi na moja!
Nilitukana hadi mkeo Hortensia akafunga dirisha.
Nani aliwahi kushinda mbio amebeba kitanda?
Hukujibu. Ulifyonza majani yako machungu kwa mrija,
ukafuta miwani kwa shati, ikazidi kuchafuka.

Usiku ule nililikata.
Sijamwambia mtu. Nililikata kwa msumeno,
nikalitupa nyuma ya banda la kuku.
Alfajiri nikalikuta mahali pake,
weldi mbichi, ya buluu, bado ina joto,
nawe umesinzia juu ya tairi, viatu miguuni.
Hukusema neno. Nami sikusema.
Tumeishi na neno hilo miaka arobaini na mitatu.

Yaliyofuata unayajua: kona ya kilomita ya sitini,
changarawe, anga, ngano, anga, ngano.
Waliponitoa nilikuwa na masuke mdomoni,
na bomba limebonyea kidogo,
upana wa dole gumba.
Ulikuja kwa baiskeli. Kilomita sitini!
Hukuniuliza hali. Ulitoa rula,
ukapima pale palipobonyea, ukaandika.
Nilikuchukia wiki nzima.
Juzi Hortensia amenionyesha ile karatasi.
Umeandika namba ileile mara tano,
na ya tano haisomeki.

Siku hizi vijana huingia garini chini ya bomba
kama mtu aingiavyo chini ya paa lake,
bila kuuliza fundi ni nani.

Basi uniwie radhi tukichelewa makaburini.
Padri anatazama saa, maua yanalegea,
na mimi nimevua koti, nimelala chini ya gari lako la mwisho,
mgongo juu ya lami, na goti langu unalijua.
Pedi nimezipata kwenye lori la mjukuu wa Iturralde.
Zimekaribia kuingia. Boliti moja tu inakaidi.
Nisubiri. Huna haraka,
na mimi, kwa mara ya kwanza, sina.
Ningekueleza mengine,
ila huku chini giza,
na tochi iko mdomoni.